Rangi Mbichi kwenye Shokomzoba

Nilifika Isiolo kwa sababu lori la kwanza lililosimama lilikuwa linaelekea Isiolo. Lingekuwa la Nanyuki, leo ningekuwa ninawaandikia habari za Nanyuki. Asubuhi hiyo niliamka kwetu kwenye miteremko ya Nyambene, nikakunja blanketi, nikateremka hadi barabarani bila kumwambia mtu ninakokwenda, maana hata mimi sikujua. Dereva alikuwa amebeba miraa. Akaniuliza, "Unashukia wapi?" Nikamwambia, "Utakaposimama." Akaniambia nipande, lakini nisiegemee mzigo, kwa kuwa miraa iliyolaliwa na mvivu haipati mnunuzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha darasa la nne, siku nilipofungua saa ya mwalimu ili nione kinachousukuma mshale, nikashindwa kuirudisha ilivyokuwa. Tangu hapo nilikuwa nimepita mashamba ya Wazungu, kiwanda cha mbao na duka la baiskeli, na kila mahali niliondoka mara tu nilipojua jinsi vitu vya hapo vinavyofanya kazi. Isiolo nilikaa, kwa sababu gari haliishi kumfundisha mtu.

Ninawaandikia ninyi vijana mlioshika spana leo, na sitaficha kwamba nina hasira. Wiki iliyopita jirani yangu, anayebeba maziwa ya ngamia kwa pikapu, aliniletea shokomzoba mbili alizouziwa kama mpya, ndani ya boksi lenye picha ya gari linaloruka kilima. Nikazinusa. Akaniuliza, "Mzee, unanusa chuma?" Ndiyo, ninanusa chuma. Nina sababu, na sababu yenyewe ni ya miaka ya shifta, wale waasi wa kaskazini waliopigana na serikali. Mnapaswa kuijua kabla hamjamfungia mtu kitu chochote kwenye gari lake.

Kwanza niwaeleze shokomzoba ni nini, kwa kuwa nimekutana na mafundi waliozifunga miaka kumi bila kujua. Springi ndiyo inayobeba mzigo. Shokomzoba haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani yake mna mafuta na vitundu vidogo. Chuma kikisukumwa, mafuta hulazimika kupita kwenye vitundu hivyo polepole, na huo upole ndio unaolituliza gari. Ukitaka kujua kama imechakaa, bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote, kisha uachilie. Likipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Likiendelea kucheza kama beberu aliyefunguliwa, imekufa. Tazama na vumbi: likishikamana kama uji upande mmoja wa chuma, mafuta yanavuja. Na ukibadilisha moja, badilisha na ya pili. Gari haliwezi kutembea kwa mguu mmoja wa kijana na mwingine wa mzee.

Haya nilifundishwa na Ekai, fundi mkuu wa gereji niliyoandikwa. Ekai alikuwa Mturkana aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita vya Wazungu, Mkristo wa kuimba tangu asubuhi hadi jioni, mwenye watoto saba na vidole tisa. Cha kumi kilichukuliwa na feni ya lori. "Wewe Mmeru," aliniambia wiki ya kwanza, "una mikono ya kuchuma miraa. Bolti si jani, usiivute. Isikilize kwanza." Yeye ndiye aliyekuwa akijaza tena shokomzoba zilizokufa, enzi ambazo vipuri havikufika. Alitoboa tundu kwa drili, akamwaga mafuta machafu, akatia mapya mepesi, akaziba kwa shaba kwa moto. Lakini alimwambia mwenye gari waziwazi: "Hii ni ya kutembea hapa mjini tu. Ukienda nayo mbali, usinitaje."

Gereji ilikuwa ya mtu wa milimani kwetu. Tulimwita Tajiri, na jina lake sitaliandika, kwa kuwa wajukuu wake hawana kosa.

Sasa elekezeni akili zenu kwenye mambo yalivyokuwa. Hukuweza kutoka Isiolo kwenda kaskazini wala mashariki peke yako. Magari yalikusanyika kwenye kizuizi, yakahesabiwa, askari wakakaa mbele na nyuma, ndipo msafara ukaondoka saa mbili asubuhi. Ukichelewa, ungoje juma zima. Ukiachwa njiani, Mungu akusaidie, kwa sababu gari lililosimama porini peke yake lilikuwa na maelezo mamoja tu: limewapelekea shifta chakula. Kwa hiyo gereji zote za mji zilifanya kazi kwa kukimbizana na kizuizi. Tulikuwa na jina la kazi hiyo, kazi ya msafara, na maana yake ilikuwa kazi ambayo fundi mwenyewe hatamani kuiona tena.

Guyo alikuwa dereva Mborana mwenye pikapu yake mwenyewe. Alibeba unga na sukari kupeleka maduka ya Garba Tulla. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Alikuja kwa Tajiri akasema, "Safari hii nataka shokomzoba mpya, si za kujaza. Hii gari inaruka mpaka kichwa yangu imejua kila msumari ya paa." Tajiri akamwambia asiwe na shaka, zinakuja kutoka Nanyuki.

Asubuhi ya msafara Guyo alifika kukiwa na baridi bado. Ekai alikuwa ameitwa kwenye lori jingine upande wa pili wa mji. Tajiri akaingia stoo, akatoka na shokomzoba mbili nyeusi zinazong'aa kama viatu vya askofu.

Nilipoishika ya kwanza, nilisikia harufu ya rangi. Rangi mbichi. Kiganja changu kilibaki na doa. Nikaibana, nikavuta, nikasukuma. Ilikuwa ngumu, ngumu kuliko mpya yoyote niliyowahi kushika, na hapo akili yangu ikapata mahali pa kujificha. Nikajiambia, kama imekufa, mbona ni ngumu hivi? Nikajiambia tena, labda huko kiwandani wamepaka rangi juzi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaidizi.

"Unanusanusa nini kama mbwa wa polisi?" Tajiri aliniuliza. "Funga. Msafara haungoji."

Guyo akacheka. "Mwache anuse, Tajiri. Pengine ana njaa."

Nikafunga. Na hapo nikaongeza kosa langu mwenyewe, ambalo sitamsingizia mtu. Lisikieni vizuri, maana bado ninaona likifanywa kila siku. Sikio la shokomzoba lina mpira ndani yake. Unapofunga, gari limeinuliwa kwa jeki na tairi zinaning'inia. Tia bolti, zungusha nati kwa mkono, basi. Usikaze. Teremsha gari kwanza likanyage ardhi kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza tairi zikining'inia, gari likiteremka ule mpira unajinyonga, na kila shimo linaunyonga zaidi, mpaka sikio lenyewe linapasuka. Nilijua hivyo. Ekai alikuwa ameniambia mara mia. Lakini saa mbili ilikuwa inakaribia, injini za msafara zilikuwa zinasikika kule kizuizini, na kukaza juu kulikuwa rahisi kuliko kulala chini ya gari tena. Nikakaza juu. Guyo akaingia, akawasha, akaondoka.

Yaliyofuata nilielezwa baadaye, na nimeyaamini kila neno kwa sababu chuma kilisema yaleyale. Barabara ya Garba Tulla ilikuwa mawimbi matupu. Jua lilipopanda, gari likaanza kuruka vibaya kuliko zamani. Sikio la shokomzoba ya kushoto likapasuka, chuma kikabaki kinabembea na kugonga, kikagonga paipu ya breki za nyuma mpaka ikakatika. Vumbi lilikuwa jingi, kila dereva ameacha nafasi kubwa, na lori la askari wa nyuma likapita bila kumwona. Guyo alikunja paipu ile na kuiponda kwa nyundo ili mafuta yasimwagike na breki za mbele zibaki. Gari likiwa zito namna ile halingesimama kwenye mteremko. Kwa hiyo akashusha magunia mawili ya sukari, akayaweka kichakani kando ya njia ayapitie akirudi. Alifika Garba Tulla saa nne nzima baada ya msafara, peke yake, magunia mawili yakiwa yamepungua.

Askari walipotuma watu kuangalia kichakani, hakukuwa na sukari.

Wakamrudisha Isiolo amefungwa pingu, pikapu ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori. Tukaambiwa Alhamisi ya juma lililofuata atapelekwa gerezani chini, Kenya. Ndivyo watu wa kaskazini walivyosema wakati huo, kana kwamba kizuizi chetu kilikuwa mpaka wa nchi. Na kwao kilikuwa mpaka. Mtu aliyepelekwa huko kwa neno shifta hakuwa na siku ya kurudi iliyojulikana.

Tajiri aliitwa kuulizwa. Alirudi akisugua mikono. "Nimewaambia nilimuuzia mpya kabisa," akasema. "Kama zilizo kwenye gari ni mbovu, basi zile mpya amewapa rafiki zake wa porini."

Nilikuwa na nyundo mkononi. Mpaka leo sijui kwa nini niliiweka chini.

Habiba, mke wa Guyo, akaanza kuja gereji kila asubuhi. Alisema salaam aleikum, akaketi kwenye jiwe mkabala na mlango, akatutazama. Siku ya tatu Ekai akaacha kuimba. Akamwendea, akamwambia, "Mama, hapa ni pahali ya chuma. Utaumia bure."

"Sikuja kulia, fundi," Habiba akasema. "Nimekuja kuangalia mikono yenu. Nataka kujua ni gani imemfunga bwana yangu."

Ekai akarudi, akakosa patasi, akapiga kidole. Alikuwa na tisa tu, hakuwa na cha kuchezea. Akanivuta nyuma ya lori.

"Ulinusa rangi?"

"Nilinusa."

"Lakini ulipovuta, ilikuwa ngumu."

"Kama jiwe."

"Tajiri ametia oili ya injini," Ekai akasema. "Amenitazama nikijaza, akaona tundu na shaba, akafikiri amejua yote. Oili ya injini asubuhi ni nzito kama asali. Ikipata moto, maji. Ile chuma ni mwongo asubuhi. Iulize saa saba."

"Twende tuwaambie."

Akatikisa kichwa. "Wewe ukifukuzwa utapanda lori. Mimi nikifukuzwa nitapandisha watoto saba wapi? Nenda wewe. Ukifika huko, usibishane na mtu. Chemsha."

Vijana, nimemlaumu Ekai kwa maneno hayo miaka mingi, na miaka mingi nimemsamehe, na bado sijamaliza. Sehemu moja ya hasira yangu ni hiyo: kwamba mtu mwema aliwekwa mahali ambapo ukweli ulikuwa na bei ya watoto saba, na mwongo alikunywa chai yake bila wasiwasi.

Jumatano asubuhi nilikwenda kituoni. Inspekta alikuwa mtu wa milimani pia, kijana kidogo, amechoka. Nilimwambia mimi ndiye niliyefunga zile shokomzoba na kwamba hazikuwa mpya. Akamwita Tajiri. Pikapu ilikuwa uani, nami nikaifungua ile ya kulia, iliyobaki nzima. Nikaikwaruza kwa kisu mbele yao. Chini ya rangi nyeusi kikatokea kidoa cha manjano.

"Hii ni shaba," nikasema. "Mpya haina kiraka."

"Ndivyo wanavyounganisha huko ng'ambo," Tajiri akasema bila kupepesa. "Huyu kijana aliacha shule darasa la nne, Inspekta. Atajua kiwanda?"

Inspekta akaishika, akaweka mguu kwenye sikio moja, akavuta lile jingine. Haikusogea kwa urahisi. "Mbona ni ngumu? Hii ni nzima."

Nikaomba maji ya moto.

Koplo mmoja alikuwa anapika chai ya kituo kwenye debe. Alikataa. Akasema hawezi kupika mguu wa gari ndani ya chai ya serikali. Inspekta akamwambia chai itapikwa nyingine. Tukamwaga, tukajaza maji, tukachemsha, nami nikaichovya shokomzoba mpaka shingoni, tukangoja kama watu wanaongoja ugali. Nilipoitoa niliifunga kwa gunia, nikampa Inspekta. "Vuta tena, afande."

Akavuta kwa nguvu ileile ya kwanza, nusura aanguke kinyumenyume. Ilifunguka kama droo. Akaisukuma kwa vidole viwili, ikaingia. Akavuta, ikatoka. Aliendelea kufanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, uso wake ukibadilika.

"Barabarani inapata moto hivihivi," nikasema. "Baada ya maili chache alikuwa anaendesha gari bila shokomzoba."

"Na hii nyingine?" Akaonyesha ile ya kushoto. "Sikio limepasuliwa na nini?"

Tajiri akanitazama, akatabasamu. Alijua.

"Hiyo niliipasua mimi," nikasema. "Nilikaza tairi zikining'inia. Nilikuwa ninakimbiza msafara."

"Umesikia mwenyewe," Tajiri akamwambia Inspekta. "Kosa ni la fundi."

"Nimesikia kila mtu," Inspekta akasema. "Na wewe nimekusikia mara mbili, na mara zote mbili umesema ni mpya."

Guyo aliachiliwa mchana huo. Msidhani haki ilitendeka yote. Tajiri hakulala ndani hata saa moja. Alipewa onyo, akapewa kiti, na koplo akampa kikombe cha ile chai mpya. Miezi miwili baadaye bado alikuwa anatengeneza magari ya msafara. Aliyelala kwa simenti alikuwa Mborana, aliyedanganya alikuwa mwenye gereji, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi naona ajabu mpaka leo.

Guyo alitoka ameshika mshipi mkononi, amekonda. Nilimsogelea nimpe pole. Aliniuliza jambo moja tu.

"Siku ile, ulinusa rangi kweli, ama ilikuwa mzaha?"

"Nilinusa."

"Na ukanyamaza."

"Alikuwa tajiri wangu."

Akafunga mshipi polepole, matundu mawili ndani ya lile la zamani. "Basi nimelala chini siku tisa kwa sababu ya heshima yako," akasema.

Kama mna jibu, vijana, msiniletee.

Habiba aliuza mbuzi, zikapatikana shokomzoba mpya za kweli kutoka Nanyuki. Mimi nilikuwa nimeshafukuzwa. Guyo alinitumia neno nije nizifunge, palepale uani kwa polisi, na alisimama juu yangu toka bolti ya kwanza hadi ya mwisho. Nilizisimamisha wima, nikazipiga pampu mara sita kila moja kutoa hewa, kwa kuwa zinalazwa ubavu safarini, na hewa ikiingia zinakuwa na kwikwi. Nilizifunga kwa vidole. Nikateremsha gari. Pikapu ilikuwa tupu, nami nilitaka izame kama iliyobeba mzigo, kwa hiyo niliwaomba askari wanne waketi nyuma wakati ninakaza. Walikaa, wakijivuta mashati, huku mtu waliyekuwa wamemfunga akiwaambia, "Sogea kidogo, afande. Wewe mnene, kaa katikati." Ilikuwa kazi ya maana kuliko zote nilizoona wakifanya juma lile.

Nilipotoka chini ya gari, Guyo alinionyesha kidole nyuma ya pikapu. "Kesho utapanda hapo," akasema. "Kama itavunjika, ivunjike na wewe. Jina lako nimeshaandikisha kwa kizuizi."

Nilipanda. Niliketi juu ya magunia ya unga nikiwa na blanketi langu na mkoba wa spana, nikila vumbi la msafara kutoka saa mbili, na kila wimbi la barabara nililisikia kwenye uti wa mgongo kabla springi haijalisikia. Saa sita, jua lilipokuwa kali, msafara uliposimama kupumzika, Guyo alikuja nyuma akaweka kiganja kwenye shokomzoba moja, kisha ya pili. Zilikuwa za moto. Akabonyeza kona ya gari. Likapanda mara moja, likatulia. Akarudi mbele.

Garba Tulla tulifika alasiri. Nilikuwa nimesikia habari za vijiji vya ulinzi ambamo serikali iliwakusanya watu, lakini kusikia si kuona. Watu wote waliokuwa wakiishi porini walikuwa wameletwa ndani ya ua wa miiba, nyumba zimebanana, mifugo michache iliyokonda imebanwa kwenye boma moja, na kuna geti, na kwenye geti askari mwenye karatasi anayehesabu vichwa kama vya mbuzi jioni ikikaribia. Nilikuwa nimefunga gari moja vibaya na kumtia mtu mmoja taabani. Hapa kulikuwa na watu waliofunga nchi nzima ya watu, na hawakuonekana kuwa na doa kwenye kiganja.

Askari akanitazama. "Huyu si wa hapa. Ni wa nyumba gani?"

Msafara wa kurudi ulikuwa baada ya siku sita. Asiyekuwa na nyumba kwenye karatasi hakulala ndani, na nje ya miiba hakuna aliyelala. Nilimtazama Guyo. Guyo alikuwa anafungua kamba za mzigo, amenipa mgongo, na hakuwa na haraka.

Mwanamke mzee alikuja hadi gari, kitambaa cheusi kichwani, akashika mkono wa Guyo kwa mikono yake miwili. Alikuwa mama yake. Alimwuliza kitu kwa Kiborana akinionyesha kwa kidevu. Guyo alijibu kwa maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema, na katikati nikasikia "fundi", na nikaona "tisa" kwa vidole vyake. Mama yule akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. Kisha akamgeukia askari, akasema kwa Kiswahili chake, "Andika yeye kwangu."

Nyumba yake ilikuwa ya fito na mikeka, chini na ya mviringo, na ndani kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa ngozi. Akapigapiga ile ngozi kwa kiganja na kuniashiria nikae. Nikakataa. Nikamwambia mahali pangu ni kwenye gari, au pale mlangoni.

"Akko hakuulizi," Guyo akasema nyuma yangu, akimwita mama yake bibi kwa Kiborana, akiingia na gunia la unga begani. "Mgeni analala kwa kitanda. Mimi nitalala chini. Hiyo nimezoea."